Tawala, Dhaifu na Mchanganyiko: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Elimu ya Urithi

Elimu ya urithi iliingia katika Kiswahili kwa mlango wa tafsiri, na kama mgeni aliyefika usiku, ilivishwa nguo zilizokuwa karibu. Mwalimu wa Baiolojia, mfasiri wa vijitabu vya afya, na afisa ustawi wa jamii anayewaeleza wazazi matokeo ya kipimo cha damu, kila mmoja ana msamiati wake. Mara nyingi tofauti hizo hazidhuru. Mmoja akisema jeni na mwingine akasema kinasaba, msikilizaji atauliza mara moja na ataelewa. Lakini yako maneno ambayo yanaeleweka upesi mno, na hayo ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu msikilizaji hana haja ya kuuliza. Huondoka na maana aliyoizoea nyumbani, na maana hiyo si ile ya taaluma.

Makala haya yanayapima maneno matatu ya namna hiyo, nayo ni tawala, dhaifu na mchanganyiko. La kwanza hutumika kwa jeni ambayo athari yake huonekana hata ikiwa moja tu kati ya mbili; la pili kwa ile ambayo athari yake haionekani mpaka ziwe mbili; la tatu hutumika ovyo kwa hali mbili zilizo tofauti kabisa, kama tutakavyoona. Hakuna kati yake lenye kosa la sarufi. Kosa lao ni kwamba yanasema jambo lisilo kweli.

Yafaa tuanze na asili. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alifanya majaribio ya njegere tangu mwaka 1856 hadi 1863, akasoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi wa mji huo mwaka 1865, na mwaka uliofuata yakachapwa. Alipochanganya njegere za mbegu mviringo na njegere za mbegu zenye makunyanzi, mbegu zote za kizazi cha kwanza zilikuwa mviringo. Mimea hiyo ilipojizalisha yenyewe, ilitoa mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, yaani karibu tatu kwa moja. Mendel alihitaji maneno mawili ya kuzitaja sifa hizo, akayachukua kutoka Kilatini kwa kupitia Kijerumani. La kwanza linatokana na neno la bwana mwenye nyumba. La pili linatokana na kitenzi chenye maana ya kurudi nyuma, naye alieleza sababu ya kulichagua: sifa hizo hurudi nyuma au hutoweka kabisa katika kizazi cha mchanganyo, kisha hutokea tena kwa watoto wao zikiwa vilevile zilivyokuwa.

Msomaji azingatie mambo mawili katika maelezo hayo. Kwanza, Mendel alikuwa akizungumzia sifa, yaani umbo la mbegu, rangi ya ua, urefu wa shina. Hakuzungumzia jeni, kwa sababu neno hilo halikuwako. Lilibuniwa na Wilhelm Johannsen wa Denmark mwaka 1909. Pili, neno lake la pili halina udhaifu wowote ndani yake. Kilichorudi nyuma hakikudhoofika. Mtu aliyeingia chumba cha ndani wageni walipofika hakuugua. Wageni wakiondoka atatoka akiwa na afya yake.

Sasa tazama dhaifu. Neno hili likitajwa karibu na mwili wa binadamu huleta fikra ya maradhi, njaa, uzee, mtoto asiyeshika uzito. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe amerithi jeni dhaifu, hatawaza kwamba kuna sifa iliyokuwa imefichika. Atawaza kwamba damu ya ukoo wake ni mbovu, na pengine atageuka kumtazama mwenzake ili ajue ubovu umetoka upande gani. Wapo waliouona ubaya wa neno hili wakajaribu fifi, au ya kufifia. Hilo ni afadhali kwa adabu, lakini kwa maana halikusogea mbali. Kanga iliyofifia kwa kufuliwa hairudii upya wake, na hoja yote ya Mendel ni kwamba ile mbegu yenye makunyanzi iliyotoweka kwa babu ilirudi kwa mjukuu na makunyanzi yake yote.

Tawala ni neno zito zaidi kulihukumu, maana limeenea, na lina sura ya ufasiri mwaminifu: bwana wa nyumba kwa Kilatini, mtawala kwa Kiswahili. Hata hivyo lina hila. Kwetu atawalaye ana amri juu ya wengine, na aghalabu wafuasi wake huongezeka. Mwanafunzi akisikia kwamba sifa fulani ni tawala huamini bila ya kufundishwa na mtu kwamba itakuwa na watu wengi, na kwamba kadiri miaka inavyopita itazidi kuwameza wale wasio nayo. Kosa hili si la Waswahili peke yao. Huko Uingereza pia, miaka michache baada ya kazi ya Mendel kufufuliwa mwaka 1900, waliuliza kwa nini ufupi wa vidole, ambao ni sifa tawala, haujawaenea watu wote. Na mwanahisabati G. H. Hardy akajibu mwaka 1908 kwa hesabu ya sekondari tu kwamba sifa haiongezeki kwa sababu ya kuwa tawala. Wingi wa sifa ni jambo moja, namna inavyojitokeza ni jambo jingine. Kwao neno lilikwisha kukaa na ikabidi walifafanue kwa hesabu. Sisi tuna nafasi ya kuchagua.

Mfano wa damu unaonyesha jambo hili vizuri, na ndio wenye gharama kubwa. Makundi ya damu yalitangazwa na Karl Landsteiner mjini Vienna mwaka 1901, na kundi la nne, AB, likatambuliwa mwaka uliofuata. Mwaka 1924 Felix Bernstein alionyesha kwamba makundi yote manne hutokana na aina tatu za jeni moja, yaani A, B na O. Mwenye A na O huonekana kuwa kundi A. Mwenye B na O huonekana kuwa kundi B. Mwenye O mbili ndiye huwa kundi O. Kwa lugha ya vijitabu, A na B ni tawala na O ni dhaifu. Lakini katika nchi nyingi, zikiwamo zetu za Afrika Mashariki, kundi O ndilo lenye watu wengi kuliko yote. Huyu dhaifu amejaa kila kijiji, na hao watawala ni wachache.

Fikiri sasa mume wa kundi A na mke wa kundi B waliopata mtoto wa kundi O. Katika elimu ya urithi hakuna ajabu hapo: kila mmoja wao alikuwa na O iliyofichika, na mtoto akapokea O ya baba na O ya mama. Lakini mume aliyeambiwa kwamba yeye ni mwenye damu tawala, na mkewe pia, na kwamba O ni dhaifu, atauliza kwa haki yake: dhaifu aliwezaje kuwashinda watawala wawili nyumbani mwao? Jibu atakalolipata akiwa peke yake ni moja tu, kwamba mtoto si wa nyumba hii. Hapo talaka inaweza kuandikwa kwa sababu ya kivumishi. Wakati mwingine kundi la damu huweza kweli kuonyesha kwamba fulani si mzazi: wazazi wote wawili wakiwa O hawazai mtoto AB, na mzazi AB hazai mtoto O, isipokuwa kwa nadra sana ambayo wataalamu huieleza kwa njia nyingine. Afisa anayewaeleza watu mambo haya anahitaji maneno yatakayotenga hali ya kwanza na hizi mbili. Tawala na dhaifu hayatengi chochote.

Sasa mchanganyiko, ambalo kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote, ingawa ndilo tamu zaidi masikioni.

Kabla ya Mendel watu wa Ulaya waliamini kwamba urithi ni kama rangi mbili katika ndoo moja: mtoto huwa katikati ya wazazi, na rangi zikishachanganyika hazitenganishiki tena. Mhandisi mmoja wa Uskoti, Fleeming Jenkin, aliitumia imani hiyo mwaka 1867 kumpinga Darwin, na Darwin hakuwa na jibu la kutosha. Jibu lilikuwa katika njegere za Brno. Urithi si uji wala rangi. Ni kama punje, na punje hukaa pamoja bila ya kuyeyuka. Huo ndio ugunduzi wenyewe. Mfasiri anayeandika urithi wa mchanganyiko ameurudisha uongo ule ule uliofukuzwa, tena ameurudisha kwa jina la aliyeufukuza.

Huenda mtu akasema kwamba mchanganyiko unaonekana kwa macho. Carl Correns, mmoja wa wale walioifufua kazi ya Mendel, alichanganya maua mekundu na meupe ya mmea fulani wa bustani unaofungua maua yake alasiri, akapata kizazi chenye maua ya waridi. Si mchanganyiko huo? Lakini yapande hayo ya waridi yajizalishe: kati ya kila manne, kwa wastani, moja litakuwa jekundu kamili, mawili ya waridi, na moja jeupe pe. Rangi iliyochanganyika katika ndoo haitoi tena nyeupe. Ua la waridi lilikuwa la kati kwa sura tu. Ndani yake jeni ya wekundu na jeni ya weupe zilikuwa zimekaa kila moja peke yake.

Mfano wa karibu zaidi unatembea uani. Wafugaji wa kuku wa kienyeji wanamjua kuku wa kishingo, asiye na manyoya shingoni. Jeni inayofanya hivyo ikiwa moja tu, kuku huwa na shingo tupu lakini hubakiwa na kishungi cha manyoya upande wa mbele wa shingo. Zikiwa mbili, shingo huwa tupu kabisa. Mwenye kishungi ni wa kati. Akipandana na wa kati mwenziwe, watatokea vifaranga wenye shingo za manyoya, wenye vishungi, na wenye shingo tupu, na mama mfugaji ambaye hajasikia jina la Mendel atakwambia kwamba hao wote ni wa tumbo moja. Kuku wa kidimu, mwenye manyoya yaliyopindukia, yuko vivyo hivyo: jeni moja humpa manyoya ya kupinda, na mbili humharibia manyoya mpaka akakaribia kuwa uchi. Ningependa sana vitabu vyetu vya shule vianze na kuku hawa badala ya maua yasiyojulikana na mtoto wa Iramba.

Hali hiyo, basi, si mchanganyiko. Ni kudhihiri kwa kati. Lakini neno mchanganyiko limebebeshwa pia mzigo wa pili usiolihusu, nao ni ule wa jeni mbili ambazo athari zake huonekana zote mbili, kila moja kwa ukamilifu wake. Mtu wa kundi AB hana kitu cha kati baina ya A na B. Chembe zake nyekundu za damu zina alama ya A kamili na alama ya B kamili. Ng'ombe wa aina ya Shorthorn aliyezaliwa na mwekundu na mweupe huonekana kwa mbali kama mwenye rangi ya kati. Mkaribie umshike, utakuta nywele nyekundu na nywele nyeupe zimeota bega kwa bega, na hakuna unywele wa waridi hata mmoja. Kwa kuziita hali hizi mbili kwa neno moja tumefuta tofauti ambayo mwanafunzi atatahiniwa juu yake.

Baadhi ya wafasiri, kwa kuwa walishaanza na tawala, hulazimika kusema utawala usiokamilika kwa hali ya kwanza na utawala wa pamoja kwa hali ya pili. Hapo ndipo udhaifu wa shina unapofichuka kwenye matawi. Utawala usiokamilika unasikika kama kasoro, kana kwamba ua la waridi lilishindwa kazi. Na utawala wa pamoja ni kitendawili: wote wakitawala, anayetawaliwa ni nani?

Kiswahili kina neno bora kwa hali hii ya pili, nalo limo katika kila nyumba ya kitala. Wake wenza wawili si nusu mke na nusu mke. Kila mmoja ni mke kamili, ana jiko lake na chungu chake, na vyungu vyote viwili huonekana mezani. Wenza ni neno la usawa usioyeyusha, na ndilo haswa linalotakiwa. Napendekeza udhihiri wenza kwa hali, na jeni wenza kwa jeni zenyewe. Kwa zile mbili nyingine napendekeza dhihirifu mahali pa tawala, na fiche mahali pa dhaifu na fifi. Fiche tumelizoea katika lugha fiche na maana fiche, wala halimtukani mtu. Jozi ya dhahiri na batini pia ni ya zamani katika Kiswahili cha wanazuoni, lakini batini lina harufu ya siri za dini, nami nisingelileta hospitalini.

Ubora wa dhihiri ni kwamba halisemi kitu juu ya nguvu wala wingi. Linasema tu kinachoonekana. Tena ni kitenzi chenye uzazi: dhihiri, dhihirika, dhihirisha, udhihiri, dhihirifu. Istilahi isiyozaa humwacha mfasiri njiani, na kila mwenye kufanya kazi hii ameonja shida hiyo.

Jambo ambalo latuonyesha wazi kwamba kivumishi lazima kiambatane na sifa, wala si na jeni, ni ugonjwa wa selimundu. (Istilahi hii, kwa njia, ni ya kusifiwa: anayejua mundu ameshaona umbo la chembe, ingawa watu wengi wangali wakisema sikoseli.) Ugonjwa huu ulielezwa katika maandishi ya tiba na James Herrick wa Chicago mwaka 1910; mwaka 1949 ikathibitishwa jinsi unavyorithiwa, na mwaka huo huo Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti. Mwenye jeni mbili za selimundu huugua. Mwenye moja, kwa kawaida, haugui; kwa hiyo ugonjwa ni sifa fiche. Lakini zichukue chembe zake uzinyime hewa ya oksijeni, nazo huweza kupinda, ingawa si kwa wepesi kama za mgonjwa: hapo tuko kwenye kati. Ipime himoglobini yake, utazikuta aina zote mbili, ile ya kawaida ikizidi kidogo: hapo ni wenza. Jeni ni ile ile moja, nasi tumetumia maneno matatu, kila neno kwa kiwango chake. Anayeandika jeni fulani ni tawala au ni fiche bila ya kutaja sifa anayoizungumzia hajasema neno la kisayansi.

Na itakuwaje tukiiita jeni hiyo dhaifu? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi wake hapa Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu imebaki kuwa nyingi katika maeneo yenye mbu wengi. Dhaifu huyu amewaokoa watoto wengi wa pwani na wa maziwani.

Hapa pana maneno mengine mawili yanayowaumiza wazazi. La kwanza ni mbebaji. Katika lugha ya zahanati mbebaji ni yule anayebeba vimelea na kuwaambukiza wengine, na mama anayeitwa mbebaji wa selimundu atatengwa kama mwenye homa ya matumbo. Isemwe tu: mwenye jeni moja ya selimundu. Ni maneno matano badala ya moja, na hayana hasara. La pili ni mtoto mmoja kati ya wanne. Wazazi wawili wenye jeni mojamoja huambiwa hivyo, nao wakishapata mtoto mmoja mgonjwa huhesabu kwamba zamu imekwisha na watatu wajao watasalimika. Hesabu haina kumbukumbu ya watoto waliotangulia. Kinachotakiwa kuandikwa ni kwamba katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni robo, wa kuwa na jeni moja ni nusu, na wa kutokuwa nayo ni robo. Mfasiri asiliache neno kila mimba kwa kutafuta ufupi.

Pingamizi ninazozitarajia ni mbili. Wanabaiolojia watasema kwamba kudhihiri kunahitajika mahali pengine, kwa kazi ya jeni kutumiwa na chembe kutengeneza protini. Pingamizi hili ni la haki. Lakini kwa kazi hiyo utendaji wa jeni unatosha, na tena unaeleza vizuri zaidi, maana jeni fiche nyingi hutumiwa na chembe bila ya athari yake kuonekana kwa nje. Wengine watasema kwamba wenza linanuka mitala, au kwamba mgombea mwenza huwa chini ya mgombea mkuu na kwa hiyo usawa haupo. Hao wa mwisho waitazame karatasi ya kura: mwenza yumo, kwa jina lake na kwa picha yake.

Kuhusu sifa, ambayo nimeitumia tangu mwanzo mahali ambapo wengi husema tabia, sababu ni kwamba kwetu mazoea hujenga tabia, na kitu kinachojengwa na mazoea hakifai kuwa jina la kile anachozaliwa nacho mtu. Jeni na kinasaba ni mjadala mwingine, hasa kwa kuwa tangu Sheria ya mwaka 2009 ya vinasaba vya binadamu neno hilo la pili limeshika maana ya kipimo cha maabara kinachotumika mahakamani, na haitakuwa rahisi kulirudisha darasani kwa maana ya jeni moja moja.